Majini Walionunua Chuma

(Maneno niliyowaambia wanafunzi wa sekondari, walimu na wazazi wao, ukumbini, hapa Mombasa. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ila pale nilipokohoa.)

Salaam aleikum. Hamjambo? Hamjambo tena, maana kule nyuma sijasikia kitu.

Mwalimu aliyenialika aliniuliza anijulishe vipi kwenu. Nikamwambia, sema tu nafanya kazi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Akasema hilo litawalaza. "Nitasema wewe ni mcheza gemu." Basi mmemsikia alivyosema, na mimi nimewaona akina mama wawili watatu hapo mbele wakitazamana. Mama zangu, jicho hilo nalijua. Mamangu mzazi analo. Nina miaka thelathini na tatu, kodi ya nyumba nalipa mwenyewe, na bado akinikuta na padi ya gemu mkononi husema, "Mwanangu, hujakua tu?"

Nilianzia Kisauni. Nyuma ya duka la mkaa palikuwa na kibanda cha mabati, ndani televisheni mbili zile zenye kisogo kirefu, na PlayStation mbili zilizovuliwa kifuniko ili zipate hewa. Shilingi tano mechi moja. Aliyefungwa anatoka, aliyeshinda anabaki, na mwenye kibanda hukaa mlangoni na mkebe wa sarafu. Kakangu alikuwa hafungiki. Mimi nilikuwa msichana pekee mle ndani, na sikuingia kwa kucheza: mama alinituma nimwite kaka nyumbani. Kila siku alinituma, na kila siku nilichelewa kumwita.

Gemu yenyewe ilikuwa ya mpira, Winning Eleven, na nakala yetu ilikuwa ya Kijapani. Hapana aliyejua herufi hata moja. Lakini mtoto yeyote pale ungemwamsha usiku wa manane akakwambia: shuka mara tatu, kitufe cha duara, panda mara moja, duara, hapo umeshambadilisha mchezaji. Duara ni ndiyo, msalaba ni hapana. Miaka baadaye nikapata nakala ya Kiingereza, msalaba ndio ukawa ndiyo, na wiki nzima nilikuwa nafuta kila nilichotaka kuhifadhi. Nawaeleza haya kwa sababu nitarudi kwenye jambo hili la lugha. Tulikuwa hodari katika lugha ambayo hatukuisoma wala haikutujua.

Jumamosi jioni kulikuwa na banda la video. Huko ndiko nilikoona kwa mara ya kwanza filamu ya viumbe kutoka sayari nyingine, na juu ya sauti zao mtafsiri akitusemea kwa Kiswahili, akitia na chumvi yake mwenyewe. Nilirudi nyumbani moyo unadunda. Nyanya alikuwa kibarazani anasuka ukili. Nikamsimulia yote, mikono hewani.

Akaniuliza, "Wanaonekana na kupotea?"

"Ndiyo, nyanya."

"Huingia mwilini mwa mtu?"

"Wengine huingia."

"Wakaa mbali na watu, na wakija huja usiku?"

"Ndiyo."

"Hao ni majini," akasema, bila kuinua macho kwenye ukili wake. "Wamenunua chuma tu."

Nimesoma maelezo mengi tangu siku hiyo kuhusu hadithi za kubuni za kisayansi ni nini na zinatofautiana vipi na ngano. Sijapata lililo fupi kuliko hilo la nyanya, wala lililokaribia zaidi ukweli. Yeye hakushangaa kwamba kuna wasioonekana. Alichotaka kujua ni tabia zao, na nani kawapa vyombo.

Sasa maisha yangu ya kila siku, kwa sababu mwalimu ameniomba niyaseme na nadhani anataka mjue kwamba nafanya kazi. Naamka saa kumi na moja alfajiri. Napanda matatu, tunavuka daraja la Nyali, saa mbili kasoro niko mezani. Kazi yangu ni makaratasi ya makontena. Kila kontena lina jina: herufi nne na tarakimu saba. Herufi tatu za kwanza ni za mwenyewe, ya nne mara nyingi ni U, halafu tarakimu sita za kulitambulisha. Ile ya saba imesimama peke yake, aghalabu imepakwa ndani ya kisanduku. Wengi ofisini huiandika tu kama wanavyoiona. Ile ni mlinzi.

Nilimjua mlinzi huyu kwa aibu. Mwaka fulani nilinunua gemu ya kujenga himaya, nikakesha nayo hadi saa tisa usiku. Asubuhi nikaingiza nambari ya kontena nikizipindua tarakimu mbili, nne ikatangulia tatu. Kontena likakaa bandarini siku mbili zaidi, na kukaa bandarini si bure. Mkubwa wangu hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliniuliza tu, "Ulilala saa ngapi?"

Kwa hiyo mzazi akisema gemu zinaharibu kazi, mimi sina la kumbishia; yangu iliharibu. Lakini mtu aliyezoea gemu ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona kanuni akaiacha bila kuifungua. Nikatafuta ile tarakimu ya saba inatoka wapi. Kumbe kila herufi ina thamani. A ni 10, B ni 12, kumi na moja inarukwa, na kadhalika mpaka Z, 22 na 33 nazo zikirukwa. Herufi ya kwanza unaizidisha kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ya nne kwa 8, unaendelea hivyo hivyo kuongeza maradufu mpaka tarakimu ya sita, ambayo huzidishwa kwa 512. Jumlisha yote, gawanya kwa 11, na kinachobaki ndicho mlinzi; ikibaki 10, mlinzi ni 0. Chukueni CSQU305438 mkafanye nyumbani. Jumla ni 6185, na ukigawanya kwa 11 inabaki 3, basi jina kamili ni CSQU3054383. Ukipindua nne na tatu kama mimi, baki linabadilika na kosa linaonekana papo hapo. Nikatengeneza jedwali kwenye kompyuta linalofanya hesabu hiyo lenyewe, na likikataa linakuwa jekundu. Wenzangu wanalitumia mpaka leo na hawajui lilizaliwa na usiku mmoja wa upuuzi.

Jioni nikirudi, nikishaoga na kula, ndipo zamu yangu. Nina laptopu ya mtumba ambayo betri yake ilikufa zamani, inaishi kwenye waya kama mgonjwa kwenye dripu. Stima zikipotea, himaya yangu nayo inapotea, na mimi hujifunza upya kuhifadhi kila baada ya dakika kumi. Nikicheza na watu wa mbali kuna kuchelewa. Kebo za baharini zinatua hapa hapa Mombasa tangu 2009, na bado, kama kompyuta ya mchezo iko Ujerumani, mwanga ndani ya kebo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Hata kebo ingenyooka kama uzi, kwenda na kurudi kungezidi milisekunde 60, na kebo hazinyooki. Mvulana wa Frankfurt ananiona kabla sijamwona. Nimekubali. Nisichokubali ni lile la pili: nikifungua maikrofoni wakasikia sauti ya kike, kuna kimya kidogo, kisha mmoja atasema, "Dada, jikoni hakuna kazi?" Nami humjibu kwamba wali uko motoni na kabla haujakauka nitakuwa nimeshammaliza. Mara nyingine nammaliza. Mara nyingine wali unaungua.

Gemu ile ile iliyoniponza ndiyo iliyonifikisha kwenye jambo nililokuja kusema. Inaitwa Civilization IV, ilitoka 2005. Unapoifungua, kabla hujacheza chochote, unaiona dunia inazunguka polepole gizani na muziki unaanza. Nilikuwa nimevaa visikilizio. Nikasikia kwaya inaimba, na maneno ya kwanza ni "Baba yetu". Nikavivua, nikadhani ni kanisa la jirani. Nikavivaa tena. Ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, imetungwa muziki na Christopher Tin, Mmarekani, na mwezi wa Februari 2011 ikawa muziki wa kwanza wa gemu kupata tuzo ya Grammy. Nilichomoa waya wa visikilizio ili sauti itoke. Mamangu akaja mlangoni na mwiko mkononi, tayari kunikemea. Akasimama. Akasema, "Hicho si Kiswahili?" Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Sasa wewe unacheza au unasali?" akarudi jikoni.

Usiku ule sikucheza. Nilikaa nikijiuliza Kiswahili kimefikaje mle, na kiko wapi kwingine. Nikaanza kukitafuta kama mtu anayemtafuta ndugu aliyesafiri.

Nilimpata kwanza kwenye Star Trek, tamthilia ya Marekani ya 1966. Afisa wa mawasiliano chomboni, mwanamke mweusi, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, anaitwa Uhura. Ni uhuru wetu, herufi ya mwisho imebadilishwa. Baadaye wakampa na jina la kwanza, Nyota. Sasa ninyi mnacheka, kwa sababu darasani mwenu mna Nyota wawili na hakuna hata mmoja aliyetoka angani. Lakini fikirini: mwaka 1966 Kenya ilikuwa na uhuru wa miaka mitatu, na neno lenyewe lilikuwa limeshavuka bahari na kupaa.

Halafu nikampata karibu na nyumbani. Ukiipita Malindi ukaelekea kaskazini kuna Ngomeni, na mbele ya Ngomeni, baharini, kuna jukwaa la chuma ambalo Waitaliano walilitumia kurusha roketi. Tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri, siku ile ile Kenya ilipopata uhuru, ilirushwa kutoka pale satelaiti ya Marekani, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kutazama miale ya eksirei inayotoka angani. Kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji, wakaiita Uhuru. Hiyo Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na kilichopimwa nayo kwenye chanzo kiitwacho Cygnus X-1 kilisaidia kuwashawishi wanasayansi kwamba mashimo meusi, yale yenye mvuto ambao hata mwanga hauponyoki, yapo kweli, si hesabu za karatasini tu. Mnapoona shimo jeusi kwenye filamu, jueni mojawapo ya nyuzi za habari hiyo inaanzia kwa wavuvi wa Ngomeni, waliotazama juu siku ya sikukuu wakaona moshi.

Nikazidi kutafuta, nikakutana na kidonda. Mwaka 1977 Marekani walirusha vyombo viwili, Voyager 1 na Voyager 2, kila kimoja kimebeba sahani ya santuri iliyopakwa dhahabu yenye salamu kwa yeyote atakayevikuta. Salamu kwa lugha 55. Nikaipitia orodha kwa kidole. Kiganda kimo. Kinyanja kimo. Kisumeri kimo, lugha ambayo msemaji wake wa mwisho alikufa maelfu ya miaka iliyopita. Wimbo wa wasichana wa msitu wa Ituri, Kongo, umo. Kiswahili hakimo. Voyager 1 sasa iko zaidi ya kilomita bilioni 20 kutoka hapa, na huwezi kuikimbilia useme ngoja, umenisahau.

Niliudhika siku mbili tatu, kama mtu ambaye hakualikwa harusi ya jirani. Kisha nikaona kwamba hata pale tulipoalikwa tulikuwa wageni. Wimbo umetungwa na wao, Uhura kabuniwa na wao, satelaiti ni yao. Ni heshima, sikatai. Lakini mgeni haamui kinachopikwa.

Wapo waliopika wetu, na wengine shuleni tuliwadhani ni mtihani tu. Katama Mkangi, mtu wa pwani hii hii, ambaye serikali ya wakati wake ilimweka kizuizini miaka ya 1980, alichapisha riwaya Walenisi mwaka 1995. Mtu aitwaye Dzombo anahukumiwa kufa, anatiwa ndani ya chombo cha angani, na chombo badala ya kumwua kinamfikisha kwenye dunia nyingine yenye haki. Jina la dunia hiyo lisomeni polepole: wale ni sisi. Kitabu hiki nilikisoma shuleni nikitafuta tamathali za usemi, nikapata alama zangu, na hapana aliyeniambia kwamba nimeshika chombo cha angani mkononi.

Na Wanuri Kahiu, wa Nairobi, alitengeneza Pumzi mwaka 2009, filamu fupi ya dakika kama ishirini. Dunia imekauka baada ya vita vya maji. Watu wanaishi ndani, jasho na mkojo wao vinasafishwa vinywewe tena. Niliitazama siku ambayo mifereji yetu ilikuwa mikavu wiki ya pili. Nje mwenye mkokoteni anapita na mitungi yake ya lita ishirini, anagonga chuma. Nikasimamisha filamu, nikatoka kununua maji, nikapanga bei naye, akakataa kupunguza, nikarudi, nikaendelea kutazama. Sikuhisi kwamba nimetoka kwenye filamu.

Wazazi wataniuliza, pesa je? Nami nataka kusema jambo moja kwa ukali kidogo. Kijana wenu akiwa na simu anaweka shilingi hamsini kwenye mechi ya Uingereza ili apate elfu tano, hiyo si gemu. Hiyo ni kamari, imevaa jezi. Nimeona wazazi wanaipiga marufuku PlayStation sebuleni na wakati huo huo mtoto anaweka dau chini ya meza. Mnamfukuza paka, panya amekaa. Yaliyobaki, ya muda na usingizi na masomo, nimeshakiri dhambi zangu, mnayajua kuliko mimi.

Sasa la mwisho. Nami nilitaka kupika. Nikaanza kuandika hadithi: chombo kinatoka Mombasa kwenda mbali sana, na mabaharia wake ni watu wa hapa. Ikafa ukurasa wa pili. Kila kitu ndani ya chombo changu kilikuwa na jina la Kiingereza, na kila nilipotafsiri ilisikika kama maagizo ya dawa. Nikaenda kwa mzee mmoja, rafiki wa mjomba wangu, aliyekuwa nahodha wa jahazi. Nilimkuta Bandari ya Zamani amekaa anakunywa kahawa. Nikamweleza chombo changu, naye hakucheka. Aliniuliza, "Kina ngama?"

Ngama ni pale chini kabisa ya chombo, maji machafu yanapojikusanya, na lazima mtu ayafue, la sivyo mnazama. Nikasema baba, huko hakuna bahari. Akasema, "Watu wamo?" Wamo. "Wanakula?" Wanakula. "Basi kina ngama." Mimi nilikuwa nimewapeleka watu arobaini kwenye nyota bila kufikiria choo.

Akaendelea. Omo, yaani mbele, iko wapi, na tezi, yaani nyuma, iko wapi? Nani anashika sukani nahodha akilala? Upepo ukikatika mtafanyaje? Nikamwambia huko hakuna upepo, ila ukikipa chombo kasi ya kutosha kinaizunguka dunia chenyewe bila kusukumwa. Akafikiri, akasema huo ni mkondo, na ukishaujua mkondo huhitaji tanga. Kikikosa nguvu ya kuondoka, kimepwelewa. Kikianza kuyumba, kinakwenda mrama. Sikuhitaji kuunda kitu. Chombo tumekwishakiita chombo, tangu zamani, na kumbe ndani yake maneno yote yamo, yamekaa kama shehena inayongoja kupakuliwa. Nimerudi kuiandika hadithi na sasa iko ukurasa wa sitini, na mtu mwenye cheo kikubwa zaidi baada ya nahodha ni mfua maji.

Neno moja lilimshinda. Kuna ule mlango wa kutokea nje ya chombo cha angani: si mlango, ni chumba kidogo chenye milango miwili. Unaingia, unafunga wa nyuma, hewa inanyonywa, ndipo unafungua wa mbele. Ukiifungua yote kwa pamoja, kila mtu anakufa. Nikamwuliza mnaitaje kitu kama hicho. Alinyamaza muda mrefu, kahawa ikapoa. Akasema, "Mwanangu, sisi hatukuwa na haja ya kuizuia hewa. Hewa ilikuwa bure."

Kwa hiyo hadithini mwangu, kila mtu anapotoka nje, nimeacha nafasi tupu na kuweka mstari. Ziko nafasi kumi na moja. Nimejaribu "ukumbi", nimejaribu "kizingiti", nimejaribu "daka", lile la kwenye nyumba za Mji wa Kale, mgeni anapokaa kabla hajakaribishwa ndani. Daka naipenda, lakini daka liko wazi upande wa barabara, na hapo ndipo watu wangu watakufa.

Wewe mwenye mkoba wa kijani umeinua mkono tangu niseme ngama. Simama, sema kwa sauti, nina kalamu.